Kifungua Kinywa na Neno Efatha



Ndugu wapendwa, Kiswahili chetu kina maneno mawili ya kutaja chakula cha asubuhi, nayo yote mawili yanasema jambo moja. La kwanza ni kifungua kinywa, ambalo kila mtoto analijua. La pili ni staftahi, ambalo siku hizi hulikuta zaidi vitabuni na kwa watu wa pwani kuliko huku kwetu Mbeya. Neno hili la pili limetoka katika Kiarabu, katika shina lenye maana ya kufungua. Ndilo shina linalowapa jirani zetu Waislamu jina la Fatiha, sura inayofungua kitabu chao. Sasa, Kiarabu na Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana wetu nyumbani kwao Nazareti, ni lugha ndugu. Katika Injili ya Marko sura ya 7, Yesu anapomponya kiziwi, Mwinjili ametuhifadhia neno lenyewe la Kiaramu lililotoka kinywani mwa Bwana: Efatha, maana yake funguka. Shina ni lile lile. Staftahi na Efatha ni watoto wa nyumba moja.

Tumelitanguliza jambo hili kwa sababu wiki hii tunataka kuwasimulia juu ya kifungua kinywa tulichokula mjini Iringa, na bila neno hilo la Injili msomaji angeweza kudhani kwamba paroko wake ameacha kutafakari, ameanza kuandika habari za migahawa.

Ilikuwa mwezi Julai mwaka 2014. Tulikuwa watano kutoka parokia yetu: padre, katekista, mzee mmoja wa halmashauri ya walei na akina mama wawili wa WAWATA. Shughuli iliyotupeleka ilikwisha jana yake, tukalala kwa watawa, tukahudhuria Misa ya alfajiri, na basi la kuturudisha Mbeya lilikuwa la saa nne. Tulikuwa na muda wa saa moja na nusu hivi, na matumbo matupu.

Hapa tuseme neno kidogo juu ya matumbo matupu, maana vijana hutuuliza. Wazee wetu walifunga tangu usiku wa manane kabla ya kupokea Ekaristi. Hata maji hawakunywa. Papa Pius wa 12 alilegeza sheria hiyo mwaka 1953, akaruhusu maji, na mwaka 1957 akafanya mfungo kuwa saa tatu. Papa Paulo wa 6 akaushusha mwaka 1964 ukawa saa moja, nayo ndiyo sheria tuliyo nayo hadi leo: saa moja kabla ya kupokea Komunyo, wala si kabla ya Misa kuanza. Wagonjwa na wazee wana nafuu yao. Hata hivyo watu wengi wa nyanda zetu bado huja Misa ya kwanza bila kula kitu, na kwa sababu hiyo kifungua kinywa cha Dominika kina ladha ambayo cha Jumanne hakina. Yule aliyekula Mwili wa Bwana kwanza na chapati baadaye anajua tunalosema.

Mtu wa Mbeya akisema anakwenda hotelini asubuhi, hafikirii jengo la ghorofa. Anafikiria benchi la mama ntilie pale Mwanjelwa au Sokomatola, sufuria ya chai inayofuka moshi wa tangawizi, supu, vitumbua, maharage, magimbi, uji wa ulezi. Na zaidi ya yote anafikiria kelele. Unaagiza kwa sauti, unajibiwa kwa sauti, jirani yako anasimulia habari za mazao, konda anaita abiria nje, na redio inahubiri juu ya vichwa vya wote. Mahali pale asiye na sauti hapati hata chumvi. Tunapapenda sana, na mtu asidhani tunapakosoa. Twasema tu jinsi palivyo.

Mwenyeji mmoja wa Iringa alituelekeza pengine. Alisema kuna mgahawa wa Neema Crafts, chakula chake ni chepesi na safi, na hawakawizi. Jina hilo tulikuwa tumelisikia. Kazi ile ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, na mama mmoja Mwingereza, Susie Hart, fundi wa kazi za mikono ambaye mwenyewe anaishi na ulemavu. Alianza na vijana watatu viziwi, akawafundisha kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ndiyo, kinyesi cha tembo: tembo hasagi vema anachokula, hivyo nyuzi za majani hubaki, nazo zikichemshwa na kusafishwa hutoa karatasi nzuri ya kuandikia. Kutoka kwa vijana wale watatu kazi ikakua, ikawa na ufumaji, shanga, ushoni, na hatimaye mgahawa ambao wahudumu wake walikuwa viziwi. Wakatoliki tusione aibu kusifu kazi njema ya ndugu zetu Waanglikana. Neema ni neema.

Tuliingia, tukaketi, tukaanza kufanya kama tulivyozoea. Mzee wetu akainua sauti: “Kijana, tuletee chai!” Hakuna aliyegeuka. Akarudia kwa nguvu zaidi. Watu wa meza ya pili wakatuangalia kwa upole. Ndipo kijana mmoja aliyevaa nadhifu akaja, akatabasamu, akatuwekea kidaftari na kalamu. Tuandike tunachotaka. Mezani palikuwa na picha za mikono zikionesha ishara chache: asante, chai, kahawa, karibu.

Wapendwa, hebu mlione jambo lile. Padre anayesema mara mbili kila Dominika mbele ya mamia ya watu, alikaa pale akigeuza vidole vyake hewani kuomba sukari. Katekista wetu, ambaye hajapata kunyamaza tangu tumfahamu, alinyamaza. Mahali pale wasemaji walikuwa wao, na mabubu tulikuwa sisi. Chakula kilikuja upesi kama tulivyoahidiwa: mayai, mkate wa ngano isiyokobolewa, papai, ndizi, parachichi, kahawa nzito. Lakini tulikula polepole, maana kila mmoja alikuwa akitazama mikono ya wale vijana walipokuwa wakizungumza wao kwa wao kutoka upande mmoja wa chumba hadi wa pili, wakichekeshana, bila kumsumbua mtu.

Juu ya chakula chenyewe tuseme jambo moja, kisha tuendelee. Hakuna kitu katika sahani zile ambacho hakioti au hakifugwi katika mikoa yetu. Parachichi za Rungwe na Njombe zinavuka bahari, ndizi za Tukuyu zinajaza malori, kahawa ya Mbozi inanywewa na watu ambao hawatauona Mbozi, huku wengi wetu tukiwa hatujaionja. Mikoa hii huitwa ghala la Taifa. Na bado Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kwamba mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni kama asilimia 30. Mama anaondoka kwenda shambani kabla ya jua, mtoto anaachiwa kiporo cha ugali na mtoto mwenzake wa kumlea. Parachichi lipo mtini, au limekwisha kuuzwa. Siku nyingine tutalitafakari jambo hilo peke yake, maana lastahili.

Turudi mezani. Mmoja wa akina mama wale wawili alikuwa hali. Hatutataja jina lake, ila ametupa ruhusa ya kusimulia, akisema huenda ikamfaa mwingine. Alikuwa amemkazia macho yule kijana mhudumu. Mwishowe akatuinamia:

“Baba, hebu mwulize. Mshahara anapewa yeye mwenyewe, au anapewa ndugu yake?”

“Mwulize wewe, mama. Kalamu hiyo hapo.”

Akaandika, kwa mwandiko wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Kijana akasoma, akacheka, akajigonga kifuani kwa kidole, kisha akaandika chini yake maneno mawili: Mimi mwenyewe. Mama akakitazama kile kidaftari kwa muda mrefu. Halafu akamwambia kijana, “Ndaga fijo,” kama vile angemshukuru mtu wa kwao Tukuyu, akisahau kwamba hasikii. Kijana aliona midomo na uso, akaitikia kwa kichwa.

Ndani ya basi, tulipokuwa tumepita Mafinga, akatueleza. Nyumbani alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 13. Alizaliwa akisikia. Alipokuwa na miaka miwili akaugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio hayakurudi. Watu wa mtaani wakamwita bubu, nalo likawa jina lake. Hakupelekwa shule. Alichunga ng'ombe wa babu yake, na aliyezungumza naye kwa kweli ni mdogo wake wa kike, wa miaka 9, ambaye walibuniana ishara zao wenyewe. Wageni wakija, mtoto alikaa chumba cha nyuma. Mama huyu, mwenye bidii katika Jumuiya Ndogo Ndogo, msomaji wa masomo kanisani, alikuwa amewaandikisha watoto wake wengine wote kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Yule hakumwandikisha. Alituambia kwamba alisikia mara nyingi kanisani, kutoka kwa Mtume Paulo, kuwa imani huja kwa kusikia. Basi akajiuliza, asiyesikia aipate wapi?

Kisha akatuuliza swali ambalo hatujalisahau. Alikumbuka siku ya ubatizo wa mtoto wake. Alikumbuka padre akiyagusa masikio ya mtoto na kinywa chake kwa kidole gumba, akimwombea asikie Neno la Bwana na kuiungama imani. Ni ibada fupi ambayo jina lake ni Efatha. “Baba,” akasema, “mbona padre aliyagusa masikio yake yafunguke, nayo yakafungwa?”

Basi lilikuwa linakwenda Makambako. Hatukumjibu wakati ule. Kuna maswali ambayo mtu akiyajibu kabla gari halijasimama, jibu lake halina thamani. Jibu tulilolipata baadaye, kwa kuisoma tena Injili ya Marko polepole, ni hili. Na wala si jibu la kukausha machozi yote.

Tazameni utaratibu wa mambo katika simulizi lile, ambalo husomwa Dominika ya 23 ya Mwaka B. Watu wanamletea Yesu kiziwi, wakimsihi amwekee mkono. Yesu haanzi na neno. Anamtenga na makutano, kando, wawili peke yao. Anatia vidole masikioni mwake. Anatema mate, anaugusa ulimi wake. Anatazama juu mbinguni. Anaugua, na kuugua huonekana kifuani hata kwa asiyesikia. Ndipo, mwisho kabisa, anasema Efatha. Mtu yule alikuwa bado kiziwi wakati Bwana alipokuwa tayari anazungumza naye, na alikuwa ameelewa: masikio haya, ulimi huu, msaada kutoka juu, na huruma ya huyu aliye mbele yangu. Kabla ya muujiza palikuwa na mazungumzo, na mazungumzo yale yalikuwa ya mikono. Kristu alijifunza namna ya kumfikia yule mtu. Hakungoja kwanza yule mtu aweze kusikia. Na Paulo anaposema juu ya kusikia, anasema juu ya Neno kupokewa, hapimi ngoma ya sikio.

Kanisa limelijua hili, ingawa si siku zote limelikumbuka. Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva aliyefariki mwaka 1622, alimpokea nyumbani mwake kijana kiziwi aitwaye Martin, akamfundisha katekisimu kwa ishara mpaka akampa Ekaristi. Ndiyo maana viziwi wanaye kama msimamizi wao, na sikukuu yake ni tarehe 24 Januari. Katika karne ya 18 Padre Charles-Michel de l'Épée alifungua shule kwa viziwi maskini mjini Paris, akifundisha kwa ishara walizokuwa nazo wao wenyewe. Halafu pakaja giza: mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, wakaamua kwamba kusema kwa midomo ni bora kuliko ishara, na kwa miaka mingi watoto katika shule nyingi duniani walikatazwa kutumia mikono yao. Ni kama kumfunga mtu kinywa ili ajifunze kuongea.

Hapa kwetu Tanzania, shule ya kwanza ya viziwi ilianzishwa na Kanisa Katoliki huko Tabora mwaka 1963. Na huko Afrika Kusini, Padre Cyril Axelrod, mwana wa familia ya Kiyahudi aliyezaliwa kiziwi, alipewa daraja ya upadre mwaka 1970. Baadaye akapoteza pia macho yake, akaendelea na utume. Anayesema kiziwi hawezi kufundishwa imani na amwambie Padre Axelrod.

Mtoto yule alipelekwa shule yenye kitengo cha viziwi mwaka 2015. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake wa darasa lake, na miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Mara mbili alitoroka akarudi kwa ng'ombe wake. Mdogo wake ndiye aliyemshawishi. Likizo zilipofika, katekista wetu alikaa naye, akiwa na picha, msalaba, mkate, na yule binti akiwa mkalimani. Tulikuwa tunamcheka katekista kwamba hatimaye amepata mwanafunzi ambaye hawezi kumchosha kwa maneno.

Kabla ya Pasaka ya mwaka 2017 tulimwita ili tuone kama anaelewa anachokwenda kupokea. Mama Kanisa haulizi mtoto awe mwanateolojia. Anataka ajue, kwa kadiri ya uwezo wake, fumbo la Kristu, na ampokee kwa imani na ibada. Tulimwonesha hostia isiyogeuzwa bado, na kitabu chenye picha ya padre akiinua Ekaristi altareni. Kijana akafikiri. Akachomoa mfukoni andazi lililofungwa katika gazeti, kifungua kinywa chake cha siku ile, akaligusa, akajipapasa tumbo. Akaligusa lile andazi na ile hostia ya mezani, akaviweka pamoja: hivi ni chakula. Kisha akaweka kidole juu ya picha, juu ya ile hostia iliyoinuliwa. Hakujipapasa tumbo. Aligusa katikati ya kiganja kimoja kwa kidole cha mkono mwingine, halafu katikati ya kiganja cha pili, mahali pa misumari. Ndivyo viziwi wengi ulimwenguni wanavyolitaja jina la Yesu. Tulitia sahihi fomu yake.

Tunayasimulia haya wiki hii kwa sababu tunayo mbele yetu orodha ya watoto walioandikishwa kwa mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Majina ni mengi, tunamshukuru Mungu. Tumeipitia mara mbili, jumuiya kwa jumuiya, na hakuna mtoto kiziwi hata mmoja. Parokia kubwa kama yetu haiwezi kukosa. Wako vyumba vya nyuma. Viongozi wa jumuiya, ninyi mnazijua nyumba hizo kuliko sisi. Tunawaomba mpite kwa upole, msiende kama wakaguzi, na msitumie neno bubu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya kusoma, na Ubatizo umempa haki ya meza ya Bwana, kwa hiyo mzazi asije akidhani anaomba fadhila. Fomu ziko kwa katekista, na uandikishaji tumeuongeza muda hadi mwisho wa mwezi kwa ajili yao.

Yule kijana sasa ni mtu mzima, fundi seremala, na mabenchi mapya ya upande wa kushoto kanisani ni kazi ya mikono yake. Amekubali kutufundisha lugha ya alama kila Jumamosi saa tatu asubuhi katika ukumbi wa parokia, dada yake akimsaidia. Somo la kwanza litakuwa salamu, majina ya watu wa nyumbani, mkate, maji na Yesu. Wasomaji, walimu wa mafundisho na akina mama wa WAWATA, nafasi za mbele ni zenu. Mje mkiwa mmekwisha kufungua kinywa, maana somo ni la saa mbili na chai ya parokia, kama mjuavyo, huchelewa.